Blanketi Isiyo na Uzito

Nyasho, Musoma
Jumanne, 4 Juni 2024

Wankyo,

Hiyo nyoya usiivute. Enoka amesimamisha pikipiki hapa kwenye cherehani yangu, anasema umemtuma aniulize, kuna nyoya imechungulia kwenye blanketi ya Babu, uing'oe au uiache. Ukiing'oa inatoka na wenzake. Geuza upande wa pili, ishike kwa vidole ikiwa ndani, uivute irudi ilikotoka. Halafu sugua hapo juu na kidole, katundu kanajifunga. Hiyo kitambaa imefumwa na nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinasogeaga.

Nakuandikia kwa sababu ulisema kwenye simu umechoka kusikia mtu anapumua. Ni kweli. Nikishasema haloo maneno yanaisha. Mwandiko utavumilia, mi niliishia la tano. Enoka anapeleka dagaa huko Butiama Jumanne na Ijumaa, atakuwa anabeba na barua.

Ile siku ya Jumamosi tulipokuja kuposa nimeifikiria sana. Baba yangu mdogo Werema alipoweka ile blanketi ya posa mbele ya Babu, Babu aliinua na vidole viwili. Akasema, "Werema, blanketi umeisahau nyumbani, umeniletea mfuko wake." Watu wakacheka. Anko wako Baltazar akasema, "Siyo mfuko, ni upepo. Fungeni mlango usije ukatoka." Babu akasema tena, taratibu, "Blanketi ya babu inabebwa na mtu mpaka jasho linamtoka. Kitu nyepesi kinaletwa na mtu mwepesi." Wote wakaniangalia. Mi nikaangalia viatu vya Baltazar. Kiatu kimoja kilikuwa na kamba nyeusi, kingine kahawia.

Ningeweza kusema. Ningesema wewe uliniambia mwezi wa tatu kwamba Babu tangu aanguke na baiskeli mbavu zinamuuma, akijifunika ile nzito ya zamani pumzi inakata, analala amekaa. Na kwamba hataki ukoo ujue, maana watasema amekwisha, mambo yote apewe Baltazar. Ndiyo sababu nilishona nyepesi. Ila uliniambia ni siri, kwa hiyo nikanyamaza. Wao wakaona sina mdomo.

Sasa Babu ameshasema ataifunika mpaka Nanenane. Ikifika siku hiyo bado ni blanketi, turudi tumalize maneno ya posa. Ikichanika tuchukue upepo wetu na wewe usisumbuliwe tena. Watu wengine wangekuwa wanatania. Babu yako sijawahi kumsikia anatania.

Ujue hiyo kitambaa nimeikusanya miaka miwili. Kuna kambi moja kule Bunda ya wageni wanaotembea kwa miguu porini, kila kitu wanabeba mgongoni, wanataka vitu viwe nyepesi. Blanketi zao zikichanika, Nathan anayefanya kazi hapo kambini ananiletea nishone. Zilizokufa kabisa ananiachia. Ndani ya blanketi ya Babu kuna nyoya za bata kutoka blanketi saba. Nilipima pale Mwigobero kwenye mizani ya dagaa, haikufika robo tatu ya kilo. Muuzaji akaniambia, "Weka basi kitu tupime."

Usiogope wembamba wake. Iangalie juani utaona viboksi vidogo vidogo. Kwenye mistari ya viboksi kuna uzi mnene. Tundu likitokea linatembea mpaka kwenye huo uzi, linasimama. Ila usiiwekee kitu chenye ncha.

Ni mimi,
Magesa

*

Butiama
Ijumaa, 14 Juni 2024

Magesa,

Barua yako inanuka dagaa mpaka paka amenifuata nyuma ya banda. Enoka aliitia ndani ya gunia. Mwambie barua siyo mboga.

Kwanza nikugombeze. Siri ilikuwa ya kwangu, lakini hata neno moja? Ungesema tu "Babu, ijaribu." Mama anasema mwanaume anayetukanwa akaangalia viatu, kuku wakiingia jikoni atawafukuza nani.

Haya, habari ya blanketi. Wiki ya kwanza ilikaa kwenye msumari, imening'inia kama koti la mgeni. Jumatatu hii saa mbili asubuhi Babu hajatoka. Babu huwaga anaamka kabla ya jogoo, anakaa mlangoni anakohoa ili tujue tumechelewa. Nikaingia nikijua amekufa. Nikamshika mguu. Akafungua jicho moja, akasema, "Kwani mtu halali?"

Alikuwa amelala chali, Magesa. Chali. Tangu mwaka jana sijamuona amelala chali.

Nikamuuliza, "Babu, upepo umekufunika?"

Akasema, "Nenda kakamue."

Ila mbele ya watu bado anaitukana. Juzi jirani aliulizia, Babu akamwambia, "Ipo, natunzia tu mpaka siku yao, nisije nikadaiwa."

Usiwe na wasiwasi, naitunza kuliko vitu vyote. Kila Jumamosi naitoa na blanketi zingine naianika kwenye jiwe kubwa la nyuma ya nyumba, asubuhi mpaka jioni, kunguni wafe. Na jana nimeifua na sabuni ya unga nikaikamua vizuri. Ilisinyaa kama paka aliyenyeshewa. Ilivyokauka ikavimba tena. Nyoya mbili tu zilitoka, na sikuzivuta. Nilizirudisha ulivyosema.

Wankyo

*

Nyasho, Musoma
Jumanne, 18 Juni 2024

Wankyo,

Kwenye jiwe hapana.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikaacha suruali ya mtu kwenye cherehani, haina mguu mmoja. Blanketi ya kawaida inaanikwa kwenye jiwe, sawa, hata mama yangu anafanyaga hivyo. Hii hapana. Jua linakula nailoni. Huwezi kuona, rangi inabaki ile ile, ila nguvu inatoka. Na jiwe lenyewe ni msasa. Ukiiburuta kwenye jiwe mara moja umeikata nyuzi mia.

Ianike kivulini, juu ya mkeka, iwe imelala. Usiikamue kwa kusokota, ibonyeze kama muhogo uliolowekwa unaoutoa maji. Na usiifue tena mpaka Nanenane. Kama shingoni imekuwa nyeusi, futa hapo hapo tu na kitambaa chenye sabuni ya kipande. Nathan anasema za wageni zinaanza kufa shingoni na miguuni. Shingoni kwa sababu ya mafuta ya uso na ndevu, miguuni kwa sababu ya kucha. Babu mkatie kucha. Sijui utaanzaje, ila mkatie.

Na kama analalia kitanda cha kamba, atandike ngozi au mkeka chini, isigusane na kamba.

Mimi nimeamua kupima. Nimekata vipande viwili kwenye ile kitambaa iliyobaki, upana wa vidole vitatu. Kimoja nimekifunga juu ya bati, kingine kiko kwenye kopo la maziwa chini ya meza. Nitavitundikia mchanga nione kipi kinakatika. Jirani yangu anayeuza vocha ameniuliza naroga nani. Nimemwambia hamna. Yani nilitaka kumwambia mengi, ila nikasema hamna.

Habari ya kuku, mwambie mama ninawafukuzaga.

Magesa

*

Nyasho, Musoma
Jumanne, 9 Julai 2024

Wankyo,

Hujajibu, najua ni mavuno. Nakupa tu majibu ya vile vipande.

Vyote nimevitundikia mfuko wa mchanga, nikawa naongeza kikombe kimoja kimoja. Cha kwenye kopo kilibeba vikombe kumi na nne. Cha kwenye bati, wiki tatu tu, kimekatika kwenye nane. Kilivyokatika hakikupiga kelele. Kilifunguka tu kama karatasi ya maandazi iliyolowa mafuta.

Kwa hiyo zile Jumamosi mbili za jiwe zimeshaiuma, ila hazijaiua. Ikikaa ndani itafika Nanenane na itapita. Nathan ananiambia kuna moja ya mgeni mzee ina miaka kumi na mbili, ina viraka kama ramani, na bado anaitembeza.

Babu anasemaje?

Magesa

*

Butiama
Ijumaa, 19 Julai 2024

Magesa,

Blanketi ni nzima. Babu ni mzima. Mtama tumemaliza kukata. Anko Baltazar amepiga simu, atakuja Jumamosi baada ya Nanenane, tarehe kumi, na wazee wawili kutoka Bunda, waikague. Kazi ni nyingi, usiandike sana.

Wankyo

*

Nyasho, Musoma
Jumanne, 23 Julai 2024

Wankyo,

Kwenye bahasha yako kulikuwa na nyoya tatu. Moja ilikuwa imenasa kwenye gundi ya bahasha, mbili zilikuwa kwenye mkunjo wa karatasi. Ina maana ulivyokuwa unaandika zilikuwa zinaruka hapo mezani. Kitambaa nzima inatoa nyoya moja leo, moja wiki ijayo. Haitoi tatu mezani.

Na barua yenyewe haina utani hata mmoja. Hata paka hujamtaja.

Kama umeona mimi sifai, niambie tu, nitaelewa. Mtu wa la tano na cherehani ya kukodi, nitaelewa. Ila usiniambie blanketi ni nzima. Hiyo naijua kila mshono.

Imechanika wapi?

Magesa

*

Butiama
Ijumaa, 2 Agosti 2024

Magesa,

Nilijua utaona kitu, sikujua utaona nyoya. Kaa chini.

Siyo kwamba hufai. Acha ujinga. Niliapishwa, na aliyeniapisha ni Babu.

Ilikuwa hivi. Kuanzia mwisho wa Juni Babu alianza kutoka nayo nje asubuhi, kwa kuwa kulikuwa na baridi. Anaitupia mabegani kama mgolole, anaenda kuhesabu ng'ombe. Nikamwambia, "Babu, Magesa amesema isikutane na miiba." Akasema, "Magesa ni mwenye blanketi au mimi?" Tarehe kumi na tano Julai, akiwa anapita kwenye mlango wa zizi, mwiba ukaishika begani. Akavuta. Wewe ungemuelekeza asivute. Mimi nilikuwa mbali, nikaona tu kama moshi mweupe unatoka mgongoni kwa Babu, na ndama wanaukimbia.

Tundu lenyewe halikuwa kubwa, kama kiganja cha mtoto. Lilisimama kwenye viboksi, kama ulivyosema. Nilienda kutafuta kile kipande cha kitambaa chenye gundi, cha kuzibia, ulichonipa siku ile mlipokuja. Niliporudi Babu ameshakaa kwenye kigoda, amevaa miwani, anashona. Na sindano ya magunia, Magesa. Ile iliyopinda, urefu wa kidole. Na uzi wa gunia.

Ujue Babu ujana wake alikuwa anashona magunia ya pamba kule Bunda, pale kwenye ununuzi. Mpaka leo anasemaga hakuna gunia lake lililomwaga pamba hata kiganja. Nilimwambia, "Babu, hiyo sindano ni kubwa." Akaniambia, "Nimeshona tangu mama yako hajazaliwa." Mshono wenyewe ni mzuri, umenyooka kama rula. Ila kila alipopitisha sindano amefungua tundu jingine. Nimehesabu thelathini na moja. Sasa kila tundu linatoa nyoya yake.

Akaniapisha nisimwambie mtu, wewe wa kwanza. Nilidhani ni ili ikataliwe, tushindwe. Nikamchukia wiki nzima, ndiyo maana barua yangu ilikuwa kavu. Halafu nimemuona. Kila asubuhi anapiga magoti chini ya kitanda, na hizo mbavu zake, anaokota nyoya moja moja. Anaziweka kwenye kopo lake la ugoro. Ugoro ameuhamishia kwenye karatasi.

Hataki ishindwe, Magesa. Anaogopa kuliko mimi na wewe.

Nifanye nini? Kipande cha gundi hakishiki, nimejaribu pembeni kimebanduka.

Wankyo

*

Nyasho, Musoma
Jumanne, 6 Agosti 2024

Wankyo,

Usivute ule uzi. Usijaribu kuufumua. Ukiuvuta, matundu yanaungana na hapo itakuwa kweli ni mfuko. Ikunje, sehemu ya tundu iwe ndani, uiweke mahali isipoguswa.

Gundi haijashika kwa sababu kitambaa ina mafuta ya mabega ya Babu. Inatakiwa ifutwe kwanza na spiriti. Na kiraka kikiwa na kona kinabanduka kuanzia kwenye kona. Kinakatwa mviringo. Halafu kinawekwa juu na chini, vyote viwili, na matundu ya sindano yanapakwa gundi ya mahema, tone moja moja na njiti ya kiberiti. Siyo kazi ya kuelekeza kwa barua. Na siwezi kuja. Babu alisema mpaka turudi wote, na mkwe haingii bila kuitwa.

Kama unaweza msomee Babu barua hii. Kama itamuudhi, msomee hapa tu: Shikamoo Babu. Mshono wako haujakosea. Gunia linataka sindano ile, hii inataka namba tisa. Hata mimi ya kwanza niliyoshona nilitumia sindano ya jinzi, ikavuja yote, Nathan alicheka mpaka akakaa chini.

Magesa

*

Butiama
Ijumaa, 9 Agosti 2024

Kijana Magesa,

Anayeandika ni Wankyo, anayesema ni mimi, Machage. Nimemwambia asiongeze neno.

(Nimeongeza hili tu: amevaa miwani anaikagua karatasi, na hajui kusoma.)

Nimesomewa barua yako. Mshono wangu haukulegea. Hilo uliandike mahali.

Binti ameificha hiyo blanketi tangu Jumanne kama ulivyomwelekeza. Siku tatu nimejifunika ile ya zamani. Nimelala nimekaa, mgongo kwenye ukuta, kama mtu anayesubiri gari. Siku ile niliiinua na vidole viwili nikasema haina uzito. Sasa imetolewa ndiyo nimeujua.

Nakuuliza, na usinijibu kwa barua. Nani alikuambia habari ya mbavu zangu? Mtu hashoni kitu kama hiki bila kujua. Ulikuwa unajua siku ile nilipokutukana, na kwenye mdomo ulikuwa na neno la kunijibu. Ungelisema, Baltazar angelibeba mpaka Bunda. Hukusema. Nilikuona unaangalia chini nikafikiri ni woga.

(Analia kidogo. Anasema ni ugoro.)

Kesho saa tisa mchana Baltazar anafika na wenzake. Mimi ndiye ninayekuita. Njoo asubuhi na sindano yako ndogo, upite nyuma, kwenye jiwe. Nyoya ziko kwenye kopo, hakuna iliyopotea. Zitanuka ugoro, zisamehe.

Kwenye kikao usiseme kitu. Safari hii nitasema mimi, na mbavu nitawaambia mwenyewe. Wakitaka kumpa Baltazar ukoo, wampe na hizi mbavu.

Machage
Kwa mkono wa Wankyo

*

Nyasho, Musoma
Jumamosi, 10 Agosti 2024, saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Wankyo,

Hii Enoka hataibeba. Nitakupa mwenyewe mkononi, kwa sababu nikifika hapo kwenu nitasema "hamjambo" halafu basi. Isome nikiwa nashona.

Nimefungasha sindano namba tisa nne, uzi mwembamba, spiriti, gundi ya mahema, njiti za kiberiti, na kitambaa ya kiraka. Kitambaa ya rangi ile ya bluu imeisha, nilimaliza kwa kuning'iniza mchanga. Iliyobaki ni rangi ya chungwa. Nilikaa nikafikiri, itaonekana kutoka mlangoni. Halafu nikaona ionekane. Baltazar anakuja kutafuta tundu, atakuta kiraka. Mshono wa Babu sitautoa wote. Nitauacha ule mstari wa katikati chini ya kiraka, nipake gundi juu yake. Umenyooka kweli, ulivyosema, na mimi sijawahi kunyoosha hivyo bila cherehani.

Wakiuliza itadumu miaka mingapi, sijui. Kitambaa ile haifi yenyewe. Inakufa kwa jua, kwa jiwe, kwa miiba, na kwa mtu asiyeiangalia. Ikiwa na mtu wa kuiangalia, inafika. Mimi naweza kuiangalia. Nilitaka kukuambia hivyo tangu mwaka juzi na siyo habari ya blanketi, ila ulikuwa unanichekesha na maneno yakaisha.

Wakiuliza nani aliichana, Babu akisema, sawa. Akiona aibu asiseme, sawa pia, mimi nitaangalia viatu vya Baltazar. Hiyo kazi naiweza. Na nina hamu ya kujua kama amebadilisha zile kamba.

Niishie hapa, naondoka. Enoka ameshawasha pikipiki, anapiga honi mpaka muuza vocha ametoka na mswaki mdomoni. Gundi ya mahema inataka masaa sita ikauke, na kikao ni saa tisa. Nikichelewa hata kidogo, Babu ataifunika ikiwa bado mbichi, na najua hatasubiri.

Magesa